Akiba ya diski huoza

Ilikuwa Jumanne ya Julai 2021, saa mbili na robo asubuhi. Kusi ilikuwa imeshika kasi na madirisha ya upande wa bandari yamefungwa. Nilikuwa bado sijaketi. Chini ya meza ya pembeni, pale seva yetu, kompyuta inayotunza faili za ofisi nzima, ilipokaa juu ya matofali mawili, nikasikia tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tak, tak, tak tena. Aijuaye sauti hiyo hahitaji kuambiwa: ni kichwa cha diski kinatafuta njia na hakiioni. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja ubavuni mwa ile mashine. Midundo ile niliihisi mpaka kwenye kifundo cha mkono, na nikajua kwamba nikiizima haitawaka tena.

Ofisi yenyewe ni ya mawakala wa forodha, wale tuwaitao watu wa kliaringi, ghorofa ya pili, si mbali na Nkrumah Road, Mombasa. Kompyuta 11, watu 14. Ndani ya diski ile mlikuwa na kazi ya miaka 6: bili za shehena, ankara, barua za wateja, nakala za pasipoti za watu waliorudi nyumbani na vyombo vyao kutoka ng'ambo, na hesabu zote za mama mmoja tunayemwita Mama Hesabu, aliyekuwa pale tangu enzi za vitabu vya karatasi ya kaboni.

Sikubabaika sana, nasema kweli. Tulikuwa na bekapu, nakala za akiba za faili zetu. Mwenye ofisi alikuwa amenunua programu ya kulipia kila mwaka, na kila asubuhi programu ile iliweka tiki ya kijani kwenye pembe ya kioo. Miezi 8 niliitazama tiki ile kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, nikaendelea na mengine. Basi nikaichomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, nikafungua. Folda zilikuwamo, moja kwa kila siku, zimepangwa vizuri kwa tarehe. Nikafungua ya jana. Tupu. Ya juzi, tupu. Nikarudi nyuma mpaka Novemba, folda baada ya folda, na huku nyuma yangu watu wameanza kusimama.

Sababu niliipata baadaye. Programu ilikuwa imeambiwa inakili kutoka draivu Z. Lakini Z ni jina tu ambalo kompyuta huipa folda ya mtandaoni pale mtu anapoingia kwa nywila yake. Usiku hakuna aliyeingia, na programu ilifanya kazi kwa akaunti yake yenyewe, kwa hiyo kwake hapakuwa na Z. Ilikwenda mahali pasipokuwapo, ikakuta hakuna kitu, ikanakili hakuna kitu, ikamaliza bila kosa, ikaweka tiki.

Zilikuwapo nakala za zamani zaidi, za kabla ya Novemba. Hizo zilikuwa zimefungwa kwa muundo wa programu ile, haziwezi kufunguliwa na kitu kingine chochote. Nikaipakia upya, ikadai namba ya leseni. Namba ilikuwa kwenye barua pepe, barua pepe ilikuwa kwenye ile ile diski iliyokufa, na duka lililotuuzia lilikuwa limehama.

Mama Hesabu alikuja akasimama kando yangu, mkoba bado begani. "Mwanangu, faili zangu zi wapi?"

"Nazitafuta, mama."

Nilimjibu hivyo siku nzima. Jioni akaacha kuuliza, na hapo ndipo iliponiuma hasa. Wiki 3 zilizofuata alikaa na vijana wawili wakipiga upya takwimu kutoka kwenye karatasi za stoo, karatasi zilizopigwa mhuri wa kutu na vibanio vyake vyenyewe, kwa kuwa Mombasa chuma hakiponi. Yale yasiyokuwa na karatasi hayakupatikana mpaka leo. Mwenye ofisi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kijana, hili lisitupate mara ya pili," akaingia ofisini kwake.

Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wanaotunza kompyuta za ofisi ndogo ndogo hapa mjini, za mashule, zahanati, maduka ya Biashara Street, mahali ambapo kompyuta ziko 5 au 15 na hakuna bajeti ya maana. Wengi wenu mna tiki ya kijani. Nataka kuwaeleza nilichojenga baada ya ile Jumanne, kwa programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuugawa.

Kwanza nilisoma. Nilidhani haya ni mambo ya jana, kumbe watu wameshughulika nayo tangu zamani. Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, kilianza programu iitwayo Amanda mwaka 1991, ili mashine moja ikusanye nakala za mashine nyingi zilizounganishwa na kuziweka kwenye kanda za sumaku. Mwaka 2000 Kern Sibbald alianza kuandika Bacula, akaitoa kwa watu mwaka 2002. Craig Barratt alitoa BackupPC mwaka 2001. Mwaka 2013 ikatoka Bareos, iliyochipuka kutoka Bacula. Hizi zote bado zipo, na huo ndio uzito wake kwangu mimi niliyefungiwa nje ya nakala zangu na duka lililohama. Msimbo ulio wazi hauhami. Nakala niliyopiga leo, mtu yeyote aliye na programu ile, bila leseni, bila kuomba, ataifungua.

Nilianza na Bacula, nikashindwa. Siilaumu. Imegawanywa sehemu sehemu: mwelekezaji anayepanga kazi, mtunza hifadhi, wakala anayekaa kwenye kila kompyuta, na katalogi inayokumbuka kila kitu kilipo. Kwa shirika lenye mamia ya mashine na mtu wa kulishughulikia hilo tu, mgawanyo huo ni wa hekima. Mimi nilikuwa peke yangu na kompyuta 11, na kila nilipogusa faili moja ya mipangilio nyingine ilinikatalia. Wiki 2 zikapita. Nikaiacha.

Nikahamia UrBackup, programu huria nyingine ya bekapu, ambayo imeandikwa na Martin Raiber. Nilichukua kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, nikaitia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, nikanunua diski 2 za terabaiti 4 nikaziunganisha ziwe kioo, moja ikifa nyingine ibaki na yote. Kisha kwenye kila kompyuta ya ofisi nikaweka kile kijiprogramu chake kidogo. Kinachonipendeza nacho ni kwamba hukiambii seva iko wapi. Kinaitwa na seva ndani ya mtandao wa ofisi, kinaitika. Mwisho wa siku nilifungua ukurasa wake kwenye kivinjari nikaziona kompyuta zote 11 kwenye orodha, kila moja kwa jina lake.

Asubuhi yake nikakuta kompyuta 1 tu ndiyo iliyonakiliwa. Ile yangu.

Hapo ndipo palipo na funzo ambalo sikulikuta kwenye mwongozo wowote. Programu hizi nyingi zimeandikwa na watu wa miji ambayo kompyuta huachwa ikiwaka usiku. BackupPC, kwa mfano, ina mipangilio ya kuanzia inayoziachia mashine zilizopo mtandaoni muda wote zisiguswe kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, ili watu wafanye kazi yao. Bekapu ingoje usiku. Ni mpango mwema, kwao. Sisi umeme ni wa tokeni. Saa kumi na moja jioni dada wa mapokezi hupita akizima kila swichi ukutani, tena hufanya vyema, kwa sababu moto wa waya kwenye majengo haya ya zamani si hadithi. Kwa hiyo usiku seva inaita, hakuna wa kuitika.

Nilijaribu kuwaomba watu waache kompyuta zikiwaka usiku wa Jumatano. Wiki ya kwanza 6 waliacha, wiki ya pili 2. Sikuona sababu ya kuwagombeza watu kwa kufanya jambo la busara. Nikakaa nikaichora siku ya ofisi kwenye karatasi: nani anaingia saa ngapi, mtandao umelemewa saa ngapi, kompyuta zinawaka saa ngapi bila ya mtu kuzigusa. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Ijumaa. Saa sita na nusu ofisi hufungwa, watu wanakwenda kuswali, wasioswali wanakwenda kula, na mpaka saa nane hakuna mtu. Kompyuta zinawaka, viti vitupu. Siku nyingine upo muda wa chakula, mfupi zaidi, lakini upo.

Basi nikaifungua mipangilio, nikaweka dirisha la kazi: Jumatatu hadi Alhamisi saa saba hadi saa nane mchana, Ijumaa saa sita na nusu hadi saa nane. Nakala kubwa, ile ya sura nzima ya kompyuta pamoja na Windows yake, nikaiweka Ijumaa, kompyuta 2 kila wiki kwa zamu. Ijumaa ya kwanza nilirudi kutoka msikitini mapema nikasimama mbele ya ile mashine kuukuu. Taa ya diski ilikuwa ikipepesa bila kukoma, feni imepanda sauti, na kwenye ukurasa kompyuta zilikuwa zinajaa moja moja. Saa nane kasoro dakika 10 zote 11 zilikuwa zimemaliza. Niliona raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyewahi kuzungumza na diski tupu.

Nitaeleza kwa nini muda mfupi kama ule unatosha, maana watu hunigombania hapa. Wanadhani kila siku seva inavuta kila kitu upya.

Fikiria mkeka. Fundi hasuki mkeka mzima kwa mkupuo mmoja. Husuka kili, zile pande ndefu nyembamba za miyaa, kisha huzishona ubavu kwa ubavu. Ukili mmoja ukichanika, hafumui mkeka. Hufungua mshono wa pale, huondoa ulioharibika, hushona mpya. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa programu iitwayo rsync, inayofanya hivyo hivyo kwa faili. Upande mmoja unaikata faili ya zamani vipande, unapiga hesabu fupi ya kila kipande, unatuma zile hesabu tu. Upande wa pili unapitisha faili mpya mbele ya hesabu zile, na palipolingana hautumi kitu. Kinachosafiri ni ukili mpya peke yake. Faili ya hesabu ya megabaiti 300 ambayo Mama Hesabu ameongeza mistari 20, haisafiri megabaiti 300.

Kuna na la pili. Ofisi ya kliaringi imejaa marudio. Fomu moja hutumwa kwa watu 9, na wote 9 wanaiweka. UrBackup ikikuta faili ile ile kwenye kompyuta mbili, huweka moja, ya pili huielekeza kwa ile ya kwanza. BackupPC ilikuwa ikifanya hivyo tangu miaka ile ya mwanzo. Nilipoanza nilidhani terabaiti 4 zitajaa kabla ya mwaka. Baada ya miaka 3 zilikuwa hazijafika nusu.

Sasa nakala ya pili na ya tatu. Kuna kanuni aliyoieneza mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae mahali pengine. Hilo la mahali pengine ndilo wengi tunalolipuuza. Seva na bekapu yake zikiwa chumba kimoja, mwizi mmoja huzichukua zote mbili, moto mmoja, bomba moja la maji lililopasuka ghorofa ya juu. Na virusi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia vikifunga faili za watu na kudai fidia, vikitambaa kutoka mashine hadi mashine kupitia ule ule mlango ambao Windows huutumia kugawana folda. Ofisi ambayo bekapu yake ni folda ya mtandaoni iliyo wazi kwa kila kompyuta, imemwekea adui bekapu mkononi. Seva yangu huvuta yenyewe. Kompyuta za ofisi haziioni hifadhi ile kama folda, kwa hiyo virusi vilivyo kwenye kompyuta ya karani havina njia ya kuifungua na kuiandika.

Nakala ya nje tunayo kwa njia mbili. Ya kwanza ni seva ndogo ya kukodi ng'ambo, tunapeleka kwa programu iitwayo restic, ambayo hufunga kila kipande kwa usimbaji fiche kabla hakijatoka mlangoni. Kule kinakofika, mwenye mashine akikifungua haoni ila vurugu. Ya pili ni diski inayovuka feri.

Hii ya feri watu huniuliza kwa nini, maana Mombasa ndipo nyaya za baharini zinapopanda nchi kavu: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Nani anahitaji kubeba diski mkononi katika mji kama huu? Lakini waya ni waya. Februari 2012 meli iliyotia nanga nje ya bandari yetu hii iliukata ule wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Wiki ile kazi ya restic iliyozoea kwisha kwa dakika 20 ilikesha. Ilimaliza, kwa sababu ilikuwa na vipande vipya vya siku moja tu vya kupeleka. Lakini kama ningetaka kurudisha ofisi nzima kutoka ng'ambo wiki ile, ningengoja mpaka nyaya zishonwe.

Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri, kijana mmoja wa ofisi anayekaa Likoni hubeba diski kwenda nayo nyumbani, na ile ya wiki iliyopita huirudisha Jumatatu. Diski ziko 3, zinazunguka. Huzitia kwenye kontena la plastiki la chakula lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nimemfundisha asiifungue mpaka iwe imekaa ndani ya nyumba kiasi, ipoe au ipate joto la chumba. Watu husema akiba haiozi. Akiba ya diski huoza, na kwetu huoza upesi. Chumvi ya hewani huingia kwenye viunganishi, unyevu wa masika hufanya yake, na hata diski iliyowekwa kabatini bila kuguswa huweza kupoteza herufi hapa na pale bila ya kusema. Ndiyo maana programu kama restic na mwenzake Borg huweka hesabu ya kila kipande na zina amri ya kupita kukagua kama kipande bado ni kile kile. Amri hiyo huipiga mara moja kwa mwezi. Mara 1 ilinikamatia diski iliyoanza kuharibika ambayo kwa nje ilikuwa nzima kabisa.

Diski ya feri imefungwa yote kwa nywila. Tunabeba pasipoti za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde, tena asizikalie kuliko zinavyohitajika. Hilo la pili lilinifanya nikapunguza miaka ya kutunza nakala za vitambulisho, jambo ambalo nilipaswa kulifikiri mapema. Nywila yenyewe imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyotiwa gundi na sahihi juu ya gundi. Mwenye ofisi ameiweka kwenye kasha la marehemu mamake, lile la misumari ya shaba, chini ya hati ya nyumba. Nikifa mimi kesho, bahasha ipo.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, usiku, nchi karibu nzima ilikosa umeme. Betri ya akiba tuliyoiweka kwenye ile mashine kuukuu ilishikilia ilivyoweza, kisha ikakata, na wakati ule seva ilikuwa katikati ya kufuta nakala za zamani. Jumatatu haikuwaka. Mpangilio wa faili ulikuwa umevurugika. Diski iliyovuka feri Ijumaa ya wiki iliyotangulia ilirudi na kijana wetu saa mbili kasorobo, ndani ya kontena lake, na mpaka adhuhuri nilikuwa na hifadhi mpya inayosimama. Hakuna aliyejua ofisini ila yeye na mimi. Alinunua chai ya maziwa na mahamri, akaweka mbele yangu, hakusema kitu.

Lakini kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika yote haya, liwe hili nitakalolisema sasa: rudisha. Usingoje siku ya msiba. Kila mwezi, siku unayoijua, chukua kitu kutoka kwenye bekapu ukirudishe, ukifungue, ukisome kwa macho.

Hata wakubwa huanguka hapa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kuwatunzia waandishi wa programu msimbo wao, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia kadhaa za bekapu. Ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimya kimya kwa sababu toleo la chombo cha kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono kama saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani, hatua kwa hatua, na nawaheshimu kwa hilo. Niliposoma maelezo yao niliiona ile tiki yetu ya kijani.

Sisi tunarudisha Jumatano ya mwisho ya mwezi. Si mimi ninayechagua. Daftari huzunguka, na mwenye zamu hutaja faili moja kutoka kichwani: "ile barua ya mteja wa matairi, ya Machi." Mimi huirudisha kwenye kompyuta ambayo haina kitu, yeye huifungua, huisoma, hutia sahihi. Tarehe, jina la faili, imetoka diski gani, imechukua dakika ngapi, sahihi. Mara ya kwanza Mama Hesabu alipopata zamu alitaja leja nzima ya mwaka. Ikarudi. Ikagoma kufunguka. Programu yake ya hesabu ilikuwa wazi wakati wa kunakili, nusu ya maandishi yakiwa bado kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo tulikuwa tumenakili leja iliyokatika katikati ya sentensi. Bekapu zote za leja za miezi 4 zilikuwa hivyo. Nilitetemeka. Tangu siku ile, robo saa kabla ya dirisha, programu yake inaandikiwa itoe nakala kamili kwenye faili ya pembeni, na hiyo ya pembeni ndiyo tunayonakili. Bila ya sahihi yake kukosekana kwenye daftari, nisingelijua mpaka leo.

Nimeandika mwongozo wa kurasa 6 kwa Kiswahili, wa ofisi yetu. Vitabu husema nakala rudufu; ofisini kwetu husikii mtu akisema hivyo, wote wanasema bekapu, na mimi nikaandika bekapu. Ukurasa wa kwanza unaitwa "Namna ya kurudisha". Kupiga bekapu kunaanza ukurasa wa nne. Nimewagawia marafiki wanaotunza shule moja Kisauni na zahanati moja Changamwe. Wa Kisauni wanatumia BackupPC badala ya UrBackup, na wamebadili kurasa mbili zangu zikawa bora kuliko nilivyoziandika. Hakuna aliyelipa leseni. Tumelipa kwa diski, kwa umeme, na kwa Jumamosi nyingi za kusoma, na mtu akikwambia programu huria ni ya bure mwambie kuhusu Jumamosi. Kila mwisho wa mwaka mwenye ofisi hutoa kiasi nikawatumie waandishi wa programu hizi. Hakuna aliyemdai. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba watu wale hawatudai chochote, alinyamaza kidogo akasema, "Basi ndio hasa wa kulipwa."

Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya karani wetu mdogo kuliko wote, binti wa miaka 22. Akataja picha ya bili ya shehena ambayo dereva alimtumia kutoka getini, wiki 2 nyuma. Nikatafuta kwenye seva, kwenye diski ya feri, ng'ambo. Haikuwapo popote. Ilikuwa imepita WhatsApp kwenye simu yake, akaisoma, akapiga namba kwenye mfumo, kisha akabadilisha simu. Nikawauliza wengine. Makarani 5, na wote 5 nusu ya karatasi zao siku hizi haziingii kompyutani kabisa.

Nimeweka folda moja ya pamoja, na ombi kwamba kabla ya saa kumi kila mtu ahamishie humo alichotumiwa. 3 wanafanya, 2 wanasahau, na siwezi kusema njia hii itadumu. Jumatano ile binti alichukua kalamu akaniuliza, "Kaka, hapa pa sahihi niandike nini?" Nikamwambia aandike kilichotokea. Akaandika "haikurudi", na mstari ule mpaka leo uko wazi.